Kwenye Mafungu ya Bahari, Samaki Huvuliwa Kisha Huachiwa

Mtu wa Bugendana hadaiwi kitu na bahari. Maji ya vilima vyake huteremka hadi mto Ruvubu, yakaingia Kagera, yakapumzika katika Ziwa Viktoria, kisha yakashika njia ndefu ya Nile mpaka Misri. Hakuna hata tone moja linalopita Dar es Salaam wala Mombasa. Kutoka katikati ya Burundi hadi pwani ya Tanzania ni zaidi ya kilomita 1,000, hata kwa ndege arukaye moja kwa moja. Ndiyo maana huku kwetu neno samaki huwakumbusha watu kwanza mukeke, sangala na ndagala wa Ziwa Tanganyika, na bahari hubaki kuwa jina la mahali zinakotoka chumvi na shehena za malori.

Lakini mambo yamebadilika kidogo. Tangu Desemba 2007, askari wa kwanza wa Burundi walipotua Mogadishu kuhudumu chini ya Umoja wa Afrika, hadi mwisho wa mwaka 2024, ujumbe uliokuwapo wakati huo ulipofikia kikomo chake, maelfu ya vijana wa nchi hii waliiona Bahari ya Hindi wakiwa wamevaa kofia za chuma. Arudiye kutoka huko huulizwa na wazee wake bahari ikoje, naye husimulia ukubwa, kina na mawimbi. Ni nadra kumsikia mtu akisimulia ile sehemu ya bahari isiyofika magotini. Leo twapenda kuisimulia hiyo, kwa sababu juu yake kuna ubishi ambao hata mtu wa milimani ana haki ya kuwa na rai ndani yake.

Katika pwani yote ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa na kuvuka mpaka visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba, bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika kadhaa. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, mwezi na jua huvuta maji kwa pamoja, na hayo ndiyo maji ya bamvua: huko Unguja na Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Kati ya bamvua na bamvua huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Mahali ambapo pwani imelala tambarare, kupwa kwa bamvua hufichua eneo kubwa mno la mchanga, majani ya bahari na mawe ya matumbawe, na mtu aweza kutembea kwa miguu muda mrefu kabla ya kuukuta mwamba unaovunja mawimbi. Saa chache baadaye pale alipokuwa amesimama hupita mashua.

Mtu asiyejua huliona eneo hilo kama jangwa lenye unyevu. La hasha. Chini ya mchanga wamejichimbia kaa, kamba wadogo, chaza na minyoo kwa idadi isiyohesabika. Maji yanapoanza kurudi, samaki wakubwa huingia pamoja nayo kutoka kwenye kina, wakala kwa pupa, kisha wakatoka kabla hawajakwama. Samaki wachanga nao hujificha humo, katika majani na mizizi ya mikoko, kwa kuwa adui zao wakubwa huogopa maji yasiyowafunika migongo. Kwa lugha ya kijeshi tungesema kwamba hapo ni ghala la chakula na kambi ya kuruta kwa wakati mmoja.

UVUVI WA KUNYATIA

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Katika uvuvi wa michezo ulio mashuhuri Afrika Mashariki, yaani ule wa Malindi, Watamu na Shimoni, mvuvi hupanda chombo chenye injini, akaenda kwenye kina kirefu, akakokota chambo nyuma yake akitafuta nduwaro na sulisuli. Mwandishi Ernest Hemingway wa Marekani alivua katika pwani hiyo ya Kenya mwaka 1954. Uvuvi wa mafunguni ni kinyume chake kabisa. Mvuvi hushuka chomboni, akatembea ndani ya maji yanayofika magotini au chini ya hapo, mkononi ana ufito mwepesi, mshipi mzito kiasi cha kurushika, na chambo cha uongo kilichofungwa kwa manyoya na nyuzi mpaka kikafanana na kaa au kamba. Harushi ovyo. Kwanza hutafuta kwa macho mpaka amwone samaki mwenyewe, mmoja, kwa hesabu. Ndipo anaporusha mshipi na kukitua chambo mbele yake kwa upole.

Samaki anayetafutwa kuliko wote ni yule ambaye wataalamu humwita Albula, na ambaye Waingereza wamempa jina la mfupa kwa wingi wa miba yake. Mwili wake ni wa fedha inayong'aa kama kioo, kiasi kwamba juu ya mchanga mweupe haonekani. Kinachoonekana ni kivuli chake chini yake. Anapoinamisha kichwa kufukua kaa, mkia wake huchomoza juu ya maji na kumeta juani, na hiyo ndiyo alama anayoisubiri mvuvi. Akisikia mchakacho wa mguu, au kivuli cha ufito kikimpitia, hutoweka mara moja. Kwa hiyo mvuvi huliweka jua mgongoni, hutazama upepo, huinua mguu taratibu na kuutua taratibu. Askari aliyefunzwa upelelezi hataona geni lolote hapa, ila tu kwamba adui ana uzito wa kilo 2 au 3.

Wapo na wengine. Kolekole mkubwa, ambaye aweza kuzidi kilo 50, huingia mafunguni akiwinda kwa hasira na kufuata hata taa wanaotibua mchanga, ili anyakue wanaokurupuka. Huko Farquhar, kisiwa cha mbali cha Shelisheli, wapiga picha wa BBC walimnasa, katika picha zilizoonyeshwa mwaka 2017, akiruka nje ya maji na kumeza ndege wa baharini waliokuwa wakiruka karibu na uso wa bahari. Wengi walioona picha hizo walidhani ni hila. Yupo kikande, mwenye meno ya kuvunjia kaa, ambaye akishikwa hukimbilia mashimo ya matumbawe na kukata mshipi. Na yupo mwatiko, anayekula zaidi mimea midogo ya majini, ambaye mvuvi humdanganya kwa chambo cha rangi ya kijani kisichofanana na kiumbe chochote chenye miguu.

Samaki akishachoka na kuletwa miguuni, mvuvi huichomoa ndoana, ambayo kwa kawaida ule mwiba wake mdogo wa kuzuia isichomoke umekwisha kubanwa, kisha humwachia aende zake.

Hapa ndipo mtu wa kwetu anaposimama na kuuliza. Mtu amelipa nauli kutoka upande wa pili wa dunia, amechomwa na jua kutwa nzima, amempata samaki, halafu anamwachia? Kwa mama anayehesabu senti zake kabla ya kununua ndagala wa kutia ladha katika maharagwe ya watoto, jambo hilo lafanana na kurudisha ugali chunguni. Swali hilo lastahili kujibiwa kwa uzito, si kwa kicheko.

HESABU YA SAMAKI ALIYE HAI

Jibu la kwanza ni la fedha. Katika Bahama, uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulikadiria kwamba uvuvi huu wa maji ya kina kifupi huiingizia nchi takribani dola milioni 141 kwa mwaka. Mgeni hulala, hula, hukodi mashua, na zaidi ya yote humlipa mwongozaji, ambaye mara nyingi ni mtu aliyezaliwa katika kijiji cha wavuvi na ambaye macho yake humwona samaki kabla mgeni hajajua atazame wapi. Samaki yule yule aweza kuvuliwa tena mwaka ujao na mtu mwingine anayelipa vile vile. Belize ilipiga hesabu hiyo hiyo, na mwaka 2009 ikapitisha sheria kwamba Albula na aina nyingine mbili za samaki wa mchezo huu wakivuliwa ni lazima waachiwe.

Jibu la pili ni la elimu, nalo si la kujisifia sana. Kumwachia samaki si sawa na kumwokoa. Wataalamu waliofanya utafiti katika kisiwa cha Eleuthera, huko huko Bahama, waliona kwamba Albula aliyeachiwa akiwa amepoteza msimamo wake majini, akipinduka ubavu kwa uchovu, alikuwa katika hatari ya kuliwa na papa au mzia zaidi ya mara 6 kuliko yule aliyeachiwa akiwa imara. Kinachomchosha ni kupiganishwa kwa muda mrefu, na kuinuliwa hewani ili mgeni apigwe picha. Kwa hiyo mvuvi mwenye adabu humshika samaki kwa mikono iliyolowa, humweka ndani ya maji muda wote, na papa wakionekana karibu hukunja mshipi na kuhama. Asiyefanya hivyo huwalisha papa tu.

Upande wetu wa dunia, mahali palipofikisha mchezo huu mbali ni Shelisheli. Nchi hiyo ina visiwa 115, na watu wake ni kiasi cha laki moja, wengi wao wakiishi katika visiwa vichache vya ndani. Kusini na magharibi, mbali sana, viko visiwa vya matumbawe vya Alphonse na St. François, Farquhar, Cosmoledo na Astove, na ndani ya mabwawa yake ya bahari mafungu hutandaza mchanga mweupe usioguswa na wavu. Idadi ya wavuvi huwekewa kikomo, na uvuvi ni wa kuachia. Mwezi Machi 2020 Serikali ya Shelisheli ilitimiza ahadi ya kuhifadhi asilimia 30 ya eneo lake la bahari, ahadi iliyofungamana na mpango wa kupunguziwa madeni ya nje uliofikiwa mwaka 2016.

Yafaa tukumbushe hapa jambo ambalo magazeti ya uvuvi hulipitia haraka. Mwishoni mwa Machi 2009 meli iitwayo Indian Ocean Explorer, iliyokuwa ikiwapeleka wazamiaji na wavuvi wa michezo kwenye visiwa hivyo vya mbali, ilitekwa na maharamia wa Kisomali. Mabaharia 7, wote raia wa Shelisheli, walishikwa mateka, wakaachiliwa mwezi Juni. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo Cosmoledo ilikosa wageni. Samaki walikuwapo, mchanga ulikuwapo, maji yalipwa na kujaa kama kawaida. Kilichokosekana ni amani ya njia. Wakati huo huo askari kutoka Gitega, Muyinga na kwingineko walikuwa Mogadishu, katika nchi kavu ambako uharamia ulikuwa na mizizi yake. Hatusemi kwamba walikwenda kule kwa ajili ya samaki wa matajiri. Twasema tu kwamba bahari, hata ile isiyofika magotini, hufungwa na kufunguliwa na mambo yanayotokea nchi kavu.

FUNGU LENYE WENYEWE

Wapo wanaouliza kwa nini mfano wa Shelisheli usihamishiwe moja kwa moja katika pwani ya Kenya na Tanzania. Samaki ni wale wale, na maji ni yale yale. Sisi tuonavyo, wanaouliza hivyo wamesahau jambo moja kubwa: fungu la St. François halina kijiji, na fungu la Uswahilini ni shamba la mtu.

Nenda Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, maji yakiwa yamekupwa. Utawakuta wanawake wameinama juu ya vigingi na kamba, wakifunga na kuvuna mwani. Kilimo hicho kilianza huko kibiashara mwaka 1989, na kwa wanawake wengi fedha zake zilikuwa za kwanza kuzishika kwa mikono yao wenyewe bila kuomba. Pembeni yao wengine wanachokoa pweza katika mashimo ya mwamba kwa vyuma vyembamba. Wengine wanatanda vidagaa kwa nyavu ndogo, wawili wawili. Mbele kidogo kuna wando wa fito uliotegwa ili samaki waliopanda na maji wabaki wakati wa kushuka. Siku hizi, juu ya shamba hilo hilo, mgeni hupita kwa kasi amesimama juu ya ubao unaovutwa na tiara kubwa. Hapo hapo mwingine anataka kunyata na ufito wake, na ukimya, na mchanga usiokanyagwa na mtu.

Nani amwambie nani atoke? Mgeni hulipa zaidi kwa siku moja kuliko anachopata mkulima wa mwani kwa wiki nyingi. Lakini malipo yake hupita juu ya fungu bila kutua. Huingia hotelini, yakaingia ofisini, na sehemu inayomfikia yule aliyeombwa asitege wando wake yaweza kuwa ndogo sana. Uvuvi wa kuachia humtaka mtu mmoja aache chakula majini ili mwingine apate furaha. Jambo hilo laweza kuwa haki, endapo aliyeacha ndiye aliyekubali, na endapo amelipwa. Vinginevyo ni kunyang'anywa kwa lugha nzuri ya hifadhi.

Huko Mafia jambo hili limejaribiwa kwa miaka mingi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza ya namna yake Tanzania. Ina eneo la kilomita za mraba 822, na maelfu ya wananchi wanaishi ndani ya mipaka yake, pamoja na watu wa Chole, Juani na Jibondo. Hawakuhamishwa, eneo liligawanywa, mahali pengine uvuvi ukazuiwa kabisa, pengine ukaruhusiwa kwa masharti. Mabishano hayajaisha wala hatudhani yataisha. Mabishano ya watu waliobaki mahali pao, hata hivyo, ni bora kuliko ukimya wa waliofukuzwa.

Na kabla mtu hajamlaumu mama wa pweza kwa uharibifu wa bahari, na akumbuke baruti. Mwaka 2015 watafiti walikokota vyombo vya kusikilizia chini ya maji katika pwani ya Tanzania, wakanasa milipuko zaidi ya 300 kwa muda wa mwezi mmoja hivi, zaidi ya nusu yake ikiwa karibu na Dar es Salaam. Tunaoijua kazi ya baruti hatuhitaji kuelezwa kinachobaki: samaki wachache huelea, wengi huzama wasiokotwe, na matumbawe yaliyojengwa kwa karne nyingi huwa kifusi. Vyombo kadhaa vya dola vilishirikiana katika msako uliofuata, na milipuko ikapungua sana. Hilo ni pigo ambalo hakuna ufito wala chuma cha pweza kingeweza kulikaribia.

SIKU YA KUFUNGUA

Mfano unaotupendeza zaidi haukutoka kwa wavuvi wa michezo wala kwa serikali. Mwaka 2004 watu wa kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi ya Bukini, walikubaliana kulifunga fungu moja la pweza kwa miezi kadhaa. Pweza hukua kwa kasi ya ajabu, na maisha yake yote ni mafupi, hivyo anayeachwa miezi michache hurudi akiwa na uzito mara kadhaa. Walipofungua, mizani ilisema yenyewe. Habari hiyo ilisafiri. Leo hii vijiji vya Pemba, vikiwemo vya Kisiwa Panza, hufunga mafungu yao kwa zamu. Songosongo huko Kilwa nao wamefanya hivyo, kadhalika wanawake wa Pate katika visiwa vya Lamu. Wanaofunga ndio wanaolinda, na wanaolinda ndio wanaovuna.

Ukilitazama vizuri, hilo nalo ni kuvua na kuachia. Tofauti ni kwamba anayeachia na atakayerudi kuvua ni mtu mmoja. Wala si mbali sana na mambo yetu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa mapatano ya nchi zinazolizunguka ziwa, Burundi ikiwa mojawapo. Mlalamishi wa kwanza wa amri ya namna hiyo huwa ni mwenye mtumbwi mmoja na watoto sita, na malalamiko yake ni ya kweli. Yeye pia huombwa aache chakula majini. Akiwa hakuulizwa kabla, wala hakuonyeshwa mizani baada ya kufunguliwa, atavua usiku.

Kijiji cha pweza huchagua siku ya kufungua kwa kuutazama mwezi, maana ni lazima iwe bamvua. Alfajiri watu hukusanyika ufukweni, wanawake kwa wanaume, na walinzi waliolala nje kwa miezi mitatu husimama mbele. Hakuna anayetia mguu majini mpaka neno litolewe. Likitolewa, hushuka wote pamoja kuyafuata maji yanayotoka, vyuma mikononi na vikapu mabegani, na wakati wao ni saa chache tu, kwa sababu maji hayangoji mtu amalize shimo lake. Mizani hubaki ufukweni imetundikwa, na karani ameketi chini yake na daftari.